Akisema "misuli imenibana", usikimbilie kumkanda

Simu iliita saa 11 jioni nikiwa kituoni nasubiri daladala. Alikuwa mwalimu wa michezo wa shule anayosoma kijana wangu wa kidato cha pili.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Kijana alikuwa anakimbia mita 100, kabanwa misuli ya paja. Tumeshamnyoosha na kumkanda, sasa amepumzika."

Nilishusha pumzi. Nani hajawahi kubanwa misuli? Tunaona wachezaji wakianguka uwanjani kila wiki, wananyooshwa mguu, wanainuka, mpira unaendelea.

Nyumbani nilimkuta amelala kifudifudi kwenye kochi, anasema hawezi kukalia tako la kulia. Nikafanya alichokuwa akinifanyia mama yangu. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikachukua taulo na dawa ya kuchua, nikamkanda kwa nguvu zangu zote. Kijana aliuma mto asilie. Kesho yake nikarudia, na keshokutwa pia. Kila alipochechemea nilimwambia avumilie, misuli inafunguka.

Siku ya tisa, baada ya kuona hata kuvaa soksi kunamshinda, nilimpeleka hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha kipande kidogo cha mfupa wa kukalia, pale inapoanzia misuli ya nyuma ya paja, kimechomoka. Hakuwa amebanwa misuli hata kidogo. Siku zote hizo nilizokuwa namnyoosha na kumkanda, nilikuwa navuta jeraha.

Mzazi mwenzangu, naandika haya kwa sababu kila mwaka msimu wa michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA unapokaribia, maelfu ya watoto wetu wanaanza kukimbia kwa kasi ambayo miili yao haijaizoea. Wengi watabanwa misuli kweli, na dawa yake ni rahisi. Wachache watakuwa na tatizo jingine linalofanana nalo, na hao ndio tunaowaumiza bila kujua.

Misuli gani hasa?

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu mirefu, ambayo wapenzi wa soka huiita kwa pamoja hamstringi. Inaanzia kwenye mfupa unaoukalia, inashuka nyuma ya paja na kupita nyuma ya goti, kisha inajishika kwenye mifupa ya mguu chini kidogo ya goti. Kwa hiyo inavuka viungo viwili, nyonga na goti.

Kazi yake ni kukunja goti na kuvuta paja nyuma. Mtoto anapokimbia kwa kasi, misuli hii ndiyo inayoufungia breki mguu unaporushwa mbele, na mara moja baada ya hapo inausukuma mwili uende. Ni kazi kubwa, tena inafanyika kwa haraka sana.

Misuli ikibana, maana yake imejikaza yenyewe bila kuamrishwa na ikagoma kulegea. Ukiigusa unakuta uvimbe mgumu kama jiwe. Maumivu huja ghafla, huwa makali, na kwa kawaida huisha ndani ya sekunde chache au dakika chache. Inaweza kubaki kama imechoka au kuuma kidogo hadi kesho yake.

Kwa nini inabana?

Wengi tumezoea jibu moja, kwamba mtoto amepungukiwa maji na chumvi. Jibu hilo lina historia. Miaka ya 1920 huko Uingereza, madaktari waliona wachimba makaa ya mawe waliokuwa wakitokwa jasho jingi na kunywa maji matupu wakibanwa misuli vibaya, na walipoongezewa chumvi kwenye maji hali ilipungua. Mtu anayetokwa jasho kwa saa nyingi kwenye jua kali anaweza kupata shida hiyo hiyo leo.

Lakini maji na chumvi si maelezo yote. Wanamichezo wa mbio ndefu waliopimwa damu huko Afrika Kusini walionyesha kwamba waliobanwa misuli na wasiobanwa hawakutofautiana sana kwa kiasi cha maji au chumvi mwilini. Ukitafakari, kama tatizo lingekuwa ni damu kukosa chumvi, kwa nini libane paja moja tu badala ya mwili mzima?

Siku hizi wataalamu wengi huweka uchovu wa misuli mbele. Misuli ina vihisio vya aina mbili vinavyowasiliana na uti wa mgongo. Kimoja huagiza misuli ikaze, kingine huagiza ilegee. Misuli ikichoka sana, anayesema "kaza" anapiga kelele zaidi na anayesema "legea" sauti yake inafifia. Ndiyo maana watoto hubanwa dakika za mwisho za mchezo, au siku ya mashindano ambapo wanakimbia kwa kasi kuliko walivyokimbia mazoezini.

Sababu nyingine ni mkao. Misuli ya nyuma ya paja hubana kirahisi ikiwa imefupishwa, yaani goti limekunjwa na kisigino kimevutwa kuelekea tako. Ndiyo maana mtu anaweza kubanwa kitandani anapojigeuza, au kijana akabanwa akiwa anafanya zoezi la kulala chali na kuinua kiuno.

Akibanwa, fanya hivi

Kwanza asimamishe alichokuwa anafanya. Asijaribu kukimbia juu ya maumivu.

Mlaze chali. Inua mguu uliobanwa ukiwa umenyooka, mkono wako mmoja ukishika kisigino na mwingine ukiwa juu kidogo ya goti ili goti lisikunjike. Panda nao polepole mpaka ahisi unavutika nyuma ya paja, kisha tulia hapo kwa sekunde 20 hadi 30. Usiusukume kwa kishindo. Misuli ikilegea, ushushe taratibu. Ikibana tena, rudia.

Hapa watu wengi hukosea. Wanachokiona kwenye televisheni ni mchezaji akisukumwa vidole vya mguu kuelekea usoni. Hiyo ni tiba ya kubanwa ndama, yaani shavu la mguu. Ukisukuma vidole huku goti limekunjwa, misuli ya nyuma ya paja haivutiki. Ya paja inataka goti linyooke na mguu mzima uinuke.

Mwambie pia akaze misuli ya mbele ya paja, kama anayetaka kusukuma goti liende chini. Misuli ya mbele ikikaza, ya nyuma hupata amri ya kulegea.

Akiwa peke yake, akae chini, anyooshe mguu mbele yake, kisha ainame kutokea kiunoni huku mgongo umenyooka. Au asimame na kuweka kisigino kwenye kiti kifupi, goti likiwa limenyooka.

Ikishalegea, unaweza kumchua kwa upole na kumtembeza taratibu. Mpe maji. Kama alikuwa juani kwa muda mrefu na ametokwa jasho jingi, maji ya ORS yanafaa. Soma pakiti ujue inachanganywa na maji kiasi gani, maana hazilingani. Kama huna pakiti, changanya lita 1 ya maji safi na salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi.

Wala usimlazimishe kunywa maji matupu kupita kiasi ukidhani ndiyo kinga. Maji mengi mno kwa muda mfupi hushusha chumvi ya damu, na hilo lenyewe ni hatari.

Akibanwa akiwa baharini au ziwani, mfundishe mapema kwamba asipapatike. Ajigeuze chali aelee, anyooshe goti akiwa hapo hapo, na apige kelele kuomba msaada. Wanaozoea kuogelea wenyewe bila mtu mzima ndio walio hatarini zaidi.

Vipi kuhusu ndizi, achari na sindano?

Ndizi ni chakula kizuri, lakini madini yake hayawezi kufika kwenye misuli ndani ya dakika chache akiwa amelala chini anagumia. Ampe mtu baadaye, kama mlo.

Maji ya achari yana habari ya kushangaza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwabana watu misuli ya mguu kwa umeme mdogo, kisha wakanywa maji ya matango ya achari au maji ya kawaida. Waliokunywa ya achari misuli yao ililegea mapema zaidi, kabla maji yenyewe hayajapata muda wa kuingia kwenye damu. Watafiti walidhani ule ukali mdomoni na kooni hutuma ujumbe kwenye mishipa ya fahamu. Kunyoosha mguu bado ndiyo tiba ya kwanza, na haina gharama.

Kuchanja kwa wembe, kuchoma na sindano au kupiga misuli kwa ngumi hakusaidii. Kunaleta vidonda na vijidudu. Sindano ya maumivu ya duka la dawa nayo usiikimbilie. Kubanwa misuli kwa kawaida kumeshaisha kabla dawa haijafanya kazi. Kama maumivu bado yapo kiasi cha kuhitaji sindano, basi huenda si kubanwa, na anayehitajika ni mtu wa kumpima.

Kubanwa au kuchanika?

Hiki ndicho kipimo ambacho natamani ningekijua siku ile.

Mtoto aliyebanwa misuli: paja ni gumu kama jiwe, akinyooshwa anapata nafuu papo hapo, baada ya dakika kadhaa anatembea, na kesho yake hachechemei.

Mtoto aliyechanika misuli: alihisi kama amepigwa jiwe nyuma ya paja, au alisikia mlio wa "pa". Akinyooshwa maumivu yanazidi. Anachechemea kesho yake. Baada ya siku moja au zaidi huenda ngozi ikageuka rangi, paja likavimba.

Kijana wa kati ya miaka 13 na 17 hivi ana hatari ya ziada. Mifupa yake bado inakua, na pale misuli inapojishika kwenye mfupa wa kukalia kuna sehemu laini ya ukuaji. Akitimua mbio, akipiga shuti kali au akiruka viunzi, misuli yenye nguvu inaweza kuchomoa kipande cha mfupa badala ya kuchanika yenyewe. Dalili yake ni maumivu chini kabisa ya tako, kushindwa kukaa vizuri, na kuchechemea. Eksirei ya kawaida mara nyingi huonyesha.

Nilipomuuliza kijana wangu vizuri, aliniambia alisikia "pa". Hakuna aliyekuwa amemuuliza, wala mwalimu, wala mimi.

Ukishuku kuchanika au kuchomoka, usikande, usichue, usinyooshe, na usiweke maji ya moto. Joto na kuchua katika siku 2 au 3 za mwanzo huongeza damu kuvuja na uvimbe. Mpumzishe, mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi kisha utoe, mfunge bandeji isiyobana sana, ainue mguu. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Aspirini asipewe mtoto. Kisha mpeleke akapimwe, hasa akishindwa kutembea hatua chache.

Usipuuze dalili hizi

Kuna maumivu ya miguu ambayo nyumbani tunayaita "misuli" kumbe ni kitu kingine.

Selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa nayo. Mtoto mwenye selimundu hupata maumivu makali ya miguu, mikono, mgongo au kifua, yanayodumu kwa saa au siku na kurudi tena na tena. Baridi, homa, uchovu na kukosa maji huyachochea. Kumnyoosha mguu hakumpi nafuu. Kama mtoto wako analalamika miguu mara kwa mara, macho yake yana umanjano au anaishiwa damu, omba apimwe. Na kama unajua anayo, mjulishe mwalimu wa michezo kabla ya siku ya mashindano.

Mkojo wa rangi ya chai ya rungu au kola baada ya mazoezi makali, pamoja na misuli inayouma sana na udhaifu. Hiyo inaweza kuwa misuli imeharibika na mabaki yake yanaziba figo. Hospitali siku hiyo hiyo.

Taya kukaza, shingo kukakamaa, mgongo kujipinda, kwa mtoto mwenye kidonda. Hiyo inaweza kuwa pepopunda. Usisubiri asubuhi.

Mguu mmoja kuvimba, kupata joto na kuuma mfululizo, hasa kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au aliyelala kitandani muda mrefu. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usiuchue mguu huo. Akikosa pumzi, ni dharura.

Misuli kubana kila mara, sehemu mbalimbali za mwili, bila mazoezi yoyote, nayo inahitaji vipimo.

Na ninyi wakubwa wa nyumba

Watoto si pekee. Wajawazito wengi hubanwa miguu usiku, zaidi miezi ya kati na ya mwisho. Bibi na babu nao hushtuka usingizini wakishika paja au ndama. Kwa baadhi yao dawa huchangia, mfano vidonge vya presha vinavyomfanya mtu akojoe sana. Kisukari, figo na ini nazo huhusika. Asiache dawa mwenyewe. Amweleze daktari aliyemwandikia.

Wapo wazee wanaokumbuka kwinini kama dawa ya misuli. Ni kweli ilitumika hivyo. Lakini mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2010 kwamba isitumike kwa kubanwa misuli, kwa sababu inaweza kuharibu damu na mapigo ya moyo. Faida ni ndogo mno kwa hatari hiyo.

Kuna njia nyepesi zaidi. Huko Uholanzi, watu wazima 80 wa zaidi ya miaka 55 walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Nusu yao walinyoosha ndama na misuli ya nyuma ya paja kila usiku kabla ya kulala kwa wiki 6. Walibanwa mara chache zaidi kuliko wenzao, na maumivu yakapungua ukali. Dakika tatu kando ya kitanda zinatosha kujaribu.

Kumkinga mwanao

Kinga kubwa ni kuongeza mazoezi kidogo kidogo. Mtoto ambaye hajakimbia kwa kasi tangu likizo asitegemewe kukimbia mbio kumi kwa nguvu zote wiki ya kwanza. Muulize mwalimu mazoezi yanaanza lini, na mwache aanze mapema.

Apashe misuli kabla ya mchezo kwa kukimbia taratibu, kuinua magoti, kurusha miguu na kuongeza kasi kwa hatua. FIFA ina mpango wa mazoezi ya kupasha mwili uitwao 11+, unaochukua dakika 20 hivi na hauhitaji vifaa. Ndani yake kuna zoezi moja zuri kwa misuli hii. Mtoto anapiga magoti kwenye kitu laini, mwenzake anamshikilia vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole mwili ukiwa umenyooka hadi mikono iguse chini. Timu zinazofanya zoezi hilo mara kwa mara zimeonekana kupunguza majeraha ya misuli ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Aanze na mara 3 au 4 tu, maana mwanzoni linauma.

Ale kabla ya kwenda. Mtoto anayekimbia saa 10 jioni na mara ya mwisho kula ni uji wa asubuhi, misuli yake itachoka mapema. Abebe chupa ya maji, na mfundishe kutazama mkojo. Ukiwa wa njano iliyoiva, hajanywa vya kutosha. Alale saa za kutosha.

Aliyebanwa asirudishwe uwanjani kukimbia kwa kasi dakika ile ile kwa sababu timu inafungwa.

Kijana wangu hakuhitaji upasuaji kwa sababu kipande hakikuwa kimesogea mbali. Alitembea na magongo, akapumzika, kisha mtaalamu wa mazoezi tiba akamrudisha hatua kwa hatua, kutembea kwanza, halafu baiskeli, halafu kukimbia. Ilichukua zaidi ya miezi mitatu. Mashindano ya mwaka ule yalimpita.

Siku alipokimbia tena uwanjani nilikuwepo. Alipomaliza alikuja akiwa ameshika paja, moyo wangu ukaruka.

"Limekaza kidogo tu, mama."

Nikamuuliza kabla ya kumgusa: "Umesikia mlio wowote? Ukinyoosha unapata nafuu au linazidi?"

Alicheka, akalala chali kwenye nyasi na kuniinulia mguu. Goti limenyooka. Nikahesabu hadi 30.